Babu wa Langoni, shamba la Mambrui: kutafuta nasaba katika karatasi za zamani

Swali: Babu yetu mzaa baba aliitwa Athman bin Lali. Tunaambiwa alizaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, akahamia Malindi akiwa kijana, na akawa na shamba la minazi upande wa Mambrui. Alifariki kabla ya Uhuru. Cheti cha kifo hatuna, na wazee waliobaki hawakubaliani hata juu ya mwaka. Ami yetu husema babu aliwahi "kutoka gazetini". Nataka kuiandika nasaba yetu kwa ushahidi. Nianze na magazeti gani, na yanapatikana wapi?

Jibu: Dada, magazeti yaweke mwisho. Yanafaa, lakini ukiyaendea sasa, na mkononi una jina moja tu na miaka ya kubahatisha, utapekua hata uchoke. Magazeti ya Kiingereza ya enzi zile yaliandikiwa walowezi, maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Mtu wa Langoni mwenye minazi Mambrui aliingia katika maandishi pale alipogusana na Serikali au mahakama: aliponunua, alipoweka rahani, aliposhtakiwa, alipooa, alipofariki akaacha cha kurithiwa. Kwa hiyo anza na lile shamba. Shamba halihami, wala haliandikwi kwa majina kumi kama mwenye nalo.

Na huyo ami yenu huenda anasema kweli, ila gazeti lenyewe likawa silo mnalolifikiria. Mara nyingi wazee wakisema "gazetini" huwa ni Gazeti Rasmi la Serikali, lile la matangazo ya mirathi, ardhi na uteuzi. Nitalifikia.

Kwanza maliza nyumbani. Fungua kasha na utoe kila karatasi: waraka wa kununulia, stakabadhi za kodi, barua, bahasha zenye mihuri ya posta. Funua kurasa za mwanzo na za mwisho za msahafu na majuzuu ya zamani, maana ndimo baba wengi walimoandika tarehe za kuzaliwa watoto. Karatasi ikiwa imekunjwa na kukauka, usiilazimishe kufunguka. Iache siku moja chumbani penye hewa yenye unyevu kidogo, kisha uifungue taratibu juu ya meza. Usiibandike seloteepu. Ipige picha pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kwa kuwa namba ya usajili na muhuri hukaa mgongoni. Sarafu iliyotajwa nayo ni kalenda: bei ya rupia inakuonyesha mkataba wa kabla ya mageuzi ya 1920 na 1921, na ya shilingi ni ya baada ya hapo.

Wazee usiwaulize "mwaka gani". Waulize tukio. Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitaliano tarehe 24 Oktoba 1940. Babu alikuwa hai? Alikuwa ameshaoa? Baba yenu alikuwa anatambaa au anakwenda chuo cha Kurani? Mafuriko makubwa ya 1961, je? Ukipata matukio mawili, moja la kabla ya kifo na moja la baada, unakuwa na miaka michache tu ya kupekua, na hiyo ndiyo tofauti ya kazi ya siku moja na kazi ya mwaka.

Tarehe za Kiislamu ndizo zinazowapoteza wengi. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1349 unakuja 1930 na nusu, na kweli ulianza mwishoni mwa Mei 1930. Usitoe tu 579 au 580 kwa kila mwaka kama wafanyavyo wengine: miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Kizungu, na pengo hubadilika. Miezi nayo, hati na makaburi ya kwetu huweza kuandika mfunguo mosi, mfunguo pili na kuendelea. Hesabu inaanzia baada ya Ramadhani, kwa hiyo mfunguo mosi ni Shawwal, mfunguo nne ni Muharram na mfunguo sita ni mwezi wa Maulidi. Anayedhani mfunguo mosi ni mwezi wa kwanza wa mwaka hukosea kwa miezi mitatu, na mara nyingine kwa miezi tisa, kwa sababu mwaka wa Hijria hubadilika penye mfunguo nne.

Halafu kuna usiku. Tuseme jiwe la kaburi limeandikwa "usiku wa Ijumaa, 13 mfunguo sita 1349". Kwa jedwali la kalenda, 13 Rabiul-awwal ya mwaka ule ilikuwa Ijumaa tarehe 8 Agosti 1930. Lakini siku ya Kiislamu huingia Magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia: marehemu alifariki Alhamisi jioni au usiku, tarehe 7, na ikiwa ni baada ya saa sita za usiku, basi tarehe 8. Mwezi wa kuandama huweza kupishana na jedwali kwa siku moja. Siku ya wiki ndiyo ya kuamini zaidi, nayo itakurekebishia tarehe. Jiwe lililofifia lisomewe asubuhi mapema au alasiri jua likiwa chini, au kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavuni. Chaki na unga huharibu chokaa na maandishi, usitie.

Sasa jina. Kabla hujatafuta popote, andika kila namna ambayo karani angeweza kuliandika: Athman, Athumani, Othman, Uthman, Osman, Lali, Laly, Lalli. "Bin" huweza kuwa "b." au kuachwa kabisa. Faharasa za zamani huwapanga watu wetu kwa jina la kwanza, si la baba, ila karani mwingine alifanya kinyume, kwa hiyo tazama A na tazama L. Muulize mzee yeyote jina la babu wa babu. Athman Lali ni wengi kuanzia Faza hadi Mombasa, lakini Athman bin Lali bin Kombo wanapungua mara moja. Na kama hati ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kumbuka hati ile ya zamani haikutofautisha o na u, herufi ya be ilibeba b, p na hata mb, na fe ilibeba f na v. Kombo anaweza kuonekana kama "Kubu", na Pate kama "Bati". Msomaji mzuri wa Kiarabu asiyewajua watu wa Lamu atakutafsiria jina ambalo halijawahi kuwapo. Mpelekee mtu anayejua vyote viwili.

Tuje kwenye shamba. Ukanda wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza, na chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Madai ya Malindi na jirani zake yalishughulikiwa sana katika miaka ya 1910. Basi shamba la Mambrui lina uwezekano mzuri wa kuwa na kumbukumbu hata kama hakuna hati nyumbani, na hata kama babu alilinunua baadaye, kwani jina la aliyemuuzia ndilo litakaloonekana kwanza.

Unachohitaji ni namba. Viwanja na mashamba ya Malindi huitwa kwa namba ya "Portion", na hati za zamani za Pwani hubeba namba inayoanza na herufi C.R., yaani masjala ya Mombasa. Ukiwa na mojawapo, omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, na uombe historia ya hati, siyo jina la mmiliki wa leo peke yake. Kama huna namba, tafuta ya jirani anayepakana nanyi, kisha mpima ardhi akuonyeshe kwenye ramani ya eneo shamba lililo ubavuni mwake. Mombasa pia kuna vitabu vya kusajili waraka vya tangu miaka ya 1890, vikiwemo vya Malindi: mauzo, rahani, hiba.

Ukibahatika kuupata waraka wenyewe, usikimbilie bei na tarehe. Soma mipaka. Waraka wa kwetu hutaja pande nne, kibla, suheli, matlai na magharibi, na kila upande una jina la mtu anayepakana. Kibla hapa kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini na matlai ni mashariki. Majina yale manne ni hazina kuliko jina la muuzaji, kwa sababu shamba likigawanywa kwa mirathi, majirani huwa ni ndugu. Ukikuta upande wa suheli pana "shamba la Mwanaisha binti Lali", umempata dada yake babu, ambaye huenda hakuna aliyemtaja kwa kuwa aliolewa mbali. Tazama na mashahidi chini: mara nyingi ni watu wa mtaa mmoja au mashemeji.

Kuhusu mahakama ya Kadhi: ya Malindi na ya Lamu zote mbili zinakuhusu, ya kwanza kwa mirathi, ya pili kwa ndoa na asili. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ni ya 1906, kwa hiyo vitabu huweza kufika mbali, ingawa si kila ndoa iliandikwa. Nenda na barua fupi yenye jina la marehemu kwa namna zake zote, jina la baba yake, mtaa, makadirio ya miaka yasiyozidi mitano kwa ombi moja, uhusiano wako naye na nakala ya kitambulisho. Anayeomba "chochote kuhusu Athman Lali" hurudishwa, na karani ana haki. Katika jalada la mirathi tafuta orodha ya warithi na mafungu. Mafungu yanasema yaliyonyamaziwa: wake wawili wakigawana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ujue alikuwa na mke mwingine na pana watoto; dada au ami akirithi, ujue hakuacha mtoto wa kiume. Kama kuna fununu kuwa sehemu ya minazi iliwekwa wakfu, uliza pia kwa Tume ya Wakf, Mombasa. Wakfu wa dhuria, ule uliowekewa watoto na wajukuu, hutaja kizazi baada ya kizazi.

Cheti cha kifo msikihangaikie sana. Usajili wa vizazi na vifo ulianza na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, ukaenda kwa Wahindi, na Waafrika wakaingizwa wilaya kwa wilaya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu aliyezikwa Malindi kabla ya Uhuru huenda hakuandikwa kabisa.

Gazeti Rasmi lilianza 1899, na matoleo mengi yanasomeka bure mtandaoni, kupitia Google Books na tovuti ya Kenya Law. Kutafuta kwa jina zima ndani ya alama za kunukuu kunafaa mara chache, kwa kuwa maandishi yamesomwa na mashine kutoka kurasa chakavu: m hugeuka "in", b hugeuka "h". Athman anaweza kuwa "Athinan", bin akawa "hin", Lamu ikawa "Lainu". Jaribu na makosa hayo kwa makusudi. Njia bora ni kubana miaka, kisha kutafuta "Malindi" au "Mambrui" pamoja na neno "deceased" au "estate", halafu kusoma kurasa zenyewe kwa macho. Tangazo la mirathi hutoa jina la marehemu na lakabu zake, alikokuwa akiishi, siku aliyofariki, anayeomba kusimamia mali na uhusiano wao, na mwisho namba ya kesi na mahakama. Nakili namba hiyo kwanza, maana ndiyo inayokupeleka kwenye jalada. Tangazo ni mlango tu. Lakini mirathi nyingi za Waislamu ziliishia kwa Kadhi bila kutangazwa, hivyo usipomkuta usihitimishe kwamba hakuacha kitu.

Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi. Majalada ya umma hufunguliwa kwa wasomaji yakishafikisha miaka 30. Ukienda, jisajili kwa kitambulisho, kisha kaa na faharasa kabla ya kuagiza chochote. Majalada ya mkuu wa wilaya ya Lamu huanza na DC/LAM, ya Malindi DC/MAL, na ya mkoa PC/COAST. Hapa wengi huteleza kwa jiografia: mwanzoni mwa karne ya 20 Lamu ilikuwa makao ya mkoa wa Tanaland, na Malindi ilikuwa katika mkoa mwingine, Seyidie. Anayetafuta Lamu chini ya Mkoa wa Pwani kwa miaka ya 1910 huenda asipate kitu, akadhani karatasi zimepotea. Nyingine zilipotea kweli. Moto wa ofisi kuu za Serikali Nairobi mwaka 1939 uliteketeza majalada mengi, ndiyo maana nakala zilizobaki wilayani zina thamani.

Ndani ya majalada ya wilaya, ripoti za mwaka zitakupa hali ya mji, njaa, bei ya nazi na boriti, lakini majina ni ya watawala wa mji, yaani liwali na mudiri, na ya wazee wa mitaa. Mtu wa kawaida yumo kwenye majalada ya malalamiko, leseni za biashara, vibali vya kukata mikoko, na mashauri ya ardhi. Kuna pia kumbukumbu za fidia zilizofuata kufutwa kwa utumwa mwaka 1907, zenye jina la mwenye kudai na la aliyeachwa huru. Ukiona kabila la babu limeandikwa Mwarabu hapa, Mswahili pale na Mbajuni kwingine, usidhani ni watu watatu. Kodi na haki zilitofautiana kati ya aliyehesabiwa mwenyeji na asiye mwenyeji, na watu walijiandikisha, au waliandikishwa, kulingana na hilo.

Sasa ndipo magazeti. Ukiwa na mwaka na mwezi, anza na Mombasa Times kwa habari za Pwani, kisha East African Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard na kuhamia Nairobi 1910. Kwa Kiswahili, Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui lilitoka Mombasa kuanzia 1932. Ni la mafundisho na mijadala ya Waislamu, na huko utapata hali za jamii kuliko tanzia. Baraza lilianza 1939, likichapishwa kila wiki, na ndilo ambalo mtu wa kawaida aliliandikia barua. Taifa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ina majalada ya magazeti ya miongo mingi. British Library ya London nayo ina akiba kubwa.

Habari ya Lamu au Mambrui haikuchapishwa kesho yake. Ilingoja chombo au gari, ikangoja nafasi. Pekua kuanzia wiki ya tukio hadi wiki sita mbele, na usome barua za wasomaji, matangazo madogo na ripoti za mahakama. Ukurasa wa kwanza upite haraka. Andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu, na unakili tahajia ilivyo, hata ikiwa mbovu. Ukirekebisha "Athmani Lalli" kuwa Athman Lali katika daftari lako, baada ya mwaka hutajua lipi ni la gazeti na lipi ni lako.

Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zina barua nyingi za Kiarabu za enzi ya Sultani, na zinafaa kama upande wa Lali mwenyewe ulikuwa na cheo au biashara kubwa; vinginevyo safari hiyo isubiri. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, lakini ni vitabu vya dini na mashairi: kwa nasaba, tazama majina ya wanakili na wenye vitabu pembezoni. Kama ukoo una tawi Kismayu, ujue Jubaland ilikabidhiwa Italia 1925, na karatasi za baada ya hapo ni za Kiitaliano.

Ukishapata Athman Lali wako, mtilie shaka kwanza. Kanuni nzuri ni kutaka kumbukumbu mbili zisizotegemeana, pamoja na kiungo kimoja kisicho jina: shamba lile lile, mke, ndugu au mtaa. Jina na mwaka peke yake havitoshi Pwani. Na tangazo la gazeti halimpi mtu haki ya ardhi. Mkiona shamba limeandikwa kwa jina lisilo la kwenu, hilo ni la wakili, na lisianzie kwenye kikao cha arusi.

Utakutana na mambo ambayo jamaa hawakutaka yajulikane: talaka, mke wa siri, babu wa mtu aliyeandikwa mtumwa au mwenye mtumwa. Yanakili sawasawa katika daftari lako, ila yanayogusa ukoo wa jirani wasomee wao kwanza kabla hujayaandika popote. Nasaba ya kusambaza kwenye kundi la familia iwataje walio hai kwa majina tu, bila namba za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa wala namba za viwanja.